Jiwe la kijani lenye rubi ndani: linunue kwa kilo, lichonge kwa maji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchongaji wa mpingo hapa Bagamoyo, kazi zangu nawauzia wageni wanaotembelea Mji Mkongwe. Juzi jamaa mmoja kaniletea jiwe la kilo nne hivi, la kijani, lina mabaka mekundu na michirizi myeusi. Anasema ni rubi ya Umba, na bei aliyonitajia ni ya rubi. Mwenzangu wa kibandani ananishauri nilipasue nitoe hayo mekundu nikayauze Arusha. Mimi natamani kulichonga, ila jiwe sijawahi kuchonga. Ni jiwe gani hili? Nitajuaje kama ni la kweli, na je, linachongeka? Nimeambatanisha picha mbili. (Mchongaji, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nyundo iweke kando kwanza. Katika yote uliyoambiwa, hilo la kulipasua ndilo la kukutia hasara upesi zaidi.

Kwa picha zako, jiwe linafanana sana na lile ambalo sisi wakata vito tunaliita rubi-zoisaiti. Vitabuni limeandikwa pia anyolaiti. Ni mwamba, yaani madini zaidi ya moja yaliyokua pamoja yakashikana. Ule ukijani ni zoisaiti. Mabaka mekundu ni rubi ya kweli, hapo hukudanganywa. Michirizi myeusi ni honblendi. Rubi zimekaa humo kama karanga ndani ya kashata, na ukigonga utapata vipande vya kashata na karanga zilizopasuka. Nyingi ya rubi hizi hazipitishi mwanga na zimejaa nyufa za asili, wakati anayetafuta rubi ya kukata kwa ajili ya pete anataka jiwe ambalo mwanga unaingia na kutoka. Longido, linakochimbwa jiwe hili, hutoka pia rubi safi za namna hiyo, lakini huwa ndogo na huchaguliwa palepale mgodini. Haziachwi ndani ya mwamba zisafiri mpaka Bagamoyo kwenye mkoba wa mtu.

Sasa bei. Rubi safi huuzwa kwa karati, na karati 5 ni gramu 1. Jiwe la kilo 4 lina karati 20,000. Huyo jamaa akisema tena "bei ya rubi", mwulize kwa upole kama na ule weusi anauuza kwa karati. Mwamba huu ukiwa ghafi huuzwa kwa kilo, na daraja lake hupangwa kwa mambo mengine kabisa. Kijani kimekolea au kimefifia kikaelekea kijivu? Wekundu ni wekundu kweli au ni zambarau iliyochoka? Rubi zimetawanyika au zimerundikana kona moja? Weusi ni kiasi gani? Na kwa mchongaji, kubwa kuliko yote, lina nyufa ngapi? Kipande chenye rubi tatu kubwa na ufa unaokatiza katikati utakitolea shanga na vidani, basi. Kipande cha rubi ndogondogo ambacho ni kizima ndicho cha sanamu. Ningekuwa mimi, ningelipia uzima kabla ya wekundu.

Kuhusu Umba nina shaka. Bonde la Umba ni la kwetu huku mkoa wa Tanga, karibu na mpaka wa Kenya, na sifa zake zimeenea: safaya za rangi karibu zote, nyingine zinageuka rangi ukizitoa juani ukaziweka chini ya taa, na ganeti za rangi ya chungwa na za zambarau. Rubi zimo pia. Lakini huu mwamba mzito wa kijani wenye rubi tumboni, wa kutoa vipande vya kilo kadhaa, chimbuko lake linalojulikana ni Mundarara, wilaya ya Longido, mkoani Arusha, ulikogunduliwa mwaka 1954. Huenda muuzaji wako amesema Umba kwa sababu ndilo jina alilozoea kulisikia. Huenda jiwe limepita mikono mingi kabla ya kumfikia. Au hataki uulize limetoka kwa nani, na hilo nitakuja kulisema chini.

Nikueleze kidogo lilivyozaliwa, kwa sababu mchongaji anayejua kwa nini jiwe liko hivyo hulikosea mara chache. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara mawili ya kale yalisukumana kwenye eneo ambalo leo ni Afrika Mashariki, na miamba mingi ikazikwa kilomita nyingi chini ya ardhi. Alama ya msukumano huo ni ukanda mrefu wa miamba unaoitwa Ukanda wa Msumbiji, unaopanda kutoka Msumbiji, ukapita Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Usambara unayoiona mkono wa kulia ukipita Korogwe na Mombo kwenda Arusha ni sehemu yake, na Longido imo humohumo. Kule chini, miamba ilipashwa mamia ya nyuzi za joto na kubanwa ikiwa bado yabisi. Madini ya zamani yakavunjika, mapya yakaota mahali pake. Miamba ya namna hii ndiyo huitwa metamofiki.

Rubi yenyewe ni alumini na oksijeni, haina makuu. Ila ina sharti moja gumu: mahali inapoota pawe na alumini nyingi na silika (ile inayojenga mchanga mweupe na kioo) haba. Silika ikiwa ya kutosha huikamata alumini yote yakazaliwa madini mengine, rubi isionekane. Katika mwamba wako, silika iliyokuwepo iliingia kwenye zoisaiti, ambayo inabeba pia kalsiamu na maji kidogo yaliyofungwa ndani ya fuwele, na nyingine ikaingia kwenye honblendi. Alumini iliyobaki bila mwenzi ndiyo ikawa rubi. Kule Umba sharti ni hilohilo, ila njia ni nyingine: mishipa ya miamba yenye silika ilipenya ndani ya mwamba wenye njaa ya silika, ikanyang'anywa, na kilichobaki kikatoa safaya na rubi.

Ninalolipenda zaidi katika jiwe hili ni rangi zake. Kilichotia wekundu ndicho hichohicho kilichotia kijani. Ni kromiamu, aina ya metali, iliyotoka kwenye miamba ya jirani yenye magnesiamu nyingi. Ndani ya rubi, chembe ya kromiamu imebanwa sana na oksijeni zinazoizunguka; inameza mwanga wa kijani na wa urujuani, wekundu unapita. Ndani ya zoisaiti nafasi imelegea kidogo, kinachomezwa kinabadilika, na kinachofika machoni mwetu ni kijani. Zumaridi nayo ni kijani kwa ajili ya kromiamu. Wageni watakuuliza kama rangi itapauka wakiliweka dirishani. Waambie haipauki. Haikupakwa juu, imo ndani ya fuwele.

Kuna na uvumi mwingine utakaousikia. Zoisaiti ni madini yaleyale ya tanzanaiti. Jina lake lilitolewa mwaka 1805 kwa heshima ya bwana mmoja mkusanyaji wa madini, Sigmund Zois wa Ljubljana, Slovenia ya leo, na ilikaa zaidi ya karne moja na nusu bila kuwa na umaarufu mkubwa, mpaka mwaka 1967 ilipopatikana Mirerani ikiwa safi kama kioo na bluu kwa ajili ya vanadiamu. Basi watu husikia kwamba tanzanaiti hupashwa joto ili ukahawia uondoke ibaki bluu, wakadhani na hili la kijani ukilitia motoni litageuka tanzanaiti. Haligeuki. Madini matatu ya mwamba wako, yaani zoisaiti, rubi na honblendi, hayatanuki kwa kiwango kimoja, kwa hiyo utakachovuna ni nyufa. Na ikitokea siku moja sonara akaweka kipande chako kwenye fedha, hakikisha analehemu kwanza, jiwe linaingia mwisho.

Tuje kwenye kulipima. Kabla ya kipimo chochote lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, ulisugue kwa brashi, ulianike juani likauke kabisa. Jiwe lenye maji au lililopakwa mafuta huficha nyufa na rangi yake hukolea, na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi. Likishakauka liangalie pande zote kwa mwanga wa kutokea ubavuni. Ufa ulio hai utauona kama uzi mweupe, na ukidondoshea tone la maji, tone linazama kwenye uzi huo na alama yake inachelewa kukauka. Lining'inize kwa kamba uligonge kidogo kwa kipande cha mpingo: jiwe zima hulia, lenye ufa mkubwa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka.

Rangi bandia hufichuliwa na pamba. Chovya pamba kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, sugua mahali pa kijani na mahali pekundu. Pamba ikitoka na rangi, mrudishie mwenyewe mali yake. Halafu chukua kisu cha kawaida cha chuma, chagua mahali pa kijani pasipoonekana, jaribu kukwaruza. Zoisaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7 kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10; kisu kinafika 5.5 hivi, kwa hiyo kitaacha mstari wa kijivu wa chuma chake chenyewe, na ukiufuta jiwe liko vilevile. Kama kisu kinazama na kijani kinabanduka kwa magamba yanayometameta, hapo umepata jamaa wa mbali wa jiwe hili: rubi iliyo ndani ya fuksaiti, aina ya ulanga wa kijani, ambayo hutoka zaidi India. Ni nzuri kwa macho, na mara nyingi rubi zake zimezungukwa na kipete cha bluu cha madini yaitwayo kayanaiti. Lakini ulanga huo ni laini kiasi kwamba hata sarafu inaukwaruza. Kama ndilo, bei ishuke, na usilichonge sanamu ya kushikwashikwa. Marumaru iliyotiwa rangi nayo utaikamata kwa kuikwaruza, ukatia tone la siki kwenye unga unaotoka: marumaru hutoa mapovu, zoisaiti hainyanyui hata povu moja.

Kipimo kinachowafurahisha watu ni tochi ya urujuanimno, ile ndogo ya kukagulia noti bandia. Ingia chumba chenye giza, limulike jiwe. Rubi ya kromiamu huwaka wekundu kama kaa la moto, kijani na weusi vikibaki kimya. Isipowaka usikate tamaa, maana chuma kikiwa kingi ndani ya rubi huuzima mwako huo, lakini rubi za Longido kwa kawaida huwaka vizuri.

Hata hivyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mizani na ndoo. Lipime likiwa kavu. Kisha lifunge kwa kamba nyembamba, lining'inize kwenye mizani ya kuning'inizia likiwa limezama lote ndani ya maji bila kugusa ndoo, upime tena. Toa uzito wa majini kwenye uzito wa nchi kavu, kisha uzito wa nchi kavu ugawe kwa hiyo tofauti. Kwa mfano, gramu 4,000 nje na gramu 2,790 majini: tofauti ni 1,210, na 4,000 ukigawa kwa 1,210 unapata 3.3, yaani jiwe ni zito mara 3.3 ya maji ya ukubwa uleule. Mwamba huu unatakiwa uangukie kati ya 3.1 na 3.5, au upande kidogo rubi zikiwa nyingi, kwa kuwa rubi peke yake ni 4.0. Marumaru itakupa 2.7, kioo cha kawaida 2.5, na plastiki iliyofinyangwa haifiki hata 2. Mtu anaweza kuidanganya rangi. Kudanganya rangi, ugumu na uzito wa majini vyote kwa pamoja ni kazi kubwa kuliko faida yake.

Likifaulu hapo, linachongeka. Wachongaji wa Idar-Oberstein kule Ujerumani, mji wa mafundi wa vito tangu zamani, wanalipenda jiwe hili kwa sababu linakulazimisha ufikiri: baka jekundu linakuwa kishungi cha ndege, kijani kinakuwa mwili, weusi unakuwa mwamba anaokaa. Kwako wewe unayesoma mishipa ya mpingo kabla ya kugusa tezo, hii si lugha ngeni. Kilicho kigeni ni zana.

Patasi, tezo na tupa zako hazitafanya kitu hapa. Mpingo unautoa kwa kuukata. Jiwe hili unalitoa kwa kulisaga, punje kwa punje, na kinacholisaga ni almasi. Msasa mweusi wa madukani wa silikoni kabaidi unaweza kuisaga zoisaiti, ila rubi ina ugumu wa 9 na punje za msasa huo ziko 9.5 hivi, kwa hiyo rubi inakwenda polepole mno. Honblendi iko 5 hadi 6. Matokeo yake unayajua hata kabla hujaanza: weusi unachimbika, kijani kinashuka, rubi inabaki imetuna kama kipele, na hakuna polishi itakayoficha mawimbi hayo. Hili ndilo kosa la karibu kila anayeanza na jiwe hili. Tiba yake ni almasi tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, juu ya kitu kigumu. Sponji, nguo au diski laini hufuata mabonde na kuyazidisha. Tumia vichwa na sahani ngumu, mkono mwepesi, na ujifunze kuridhika na mwendo wa kobe.

Kwa kukata kipande cha kwanza huhitaji mashine ya gharama. Ile ya mafundi wa vigae, yenye beseni la maji na diski ya almasi ya ukingo mzima usio na meno, inatosha kukata ubapa wa sentimita mbili au tatu. Kipande kikizidi uwezo wake usikate nusu huku na nusu kule ukitumaini mistari itakutana. Kipeleke kwa mwenye msumeno mkubwa. Kuchonga kwenyewe ni kwa mashine ndogo ya mkono yenye waya mrefu wa kuzungusha, mota ikiwa imetundikwa juu mbali na maji, na vichwa vya almasi vya namba 100 hadi 220 kwa kutoa umbo (namba ikipanda, punje huwa ndogo zaidi). Baada ya hapo panda taratibu: 400, 600, 1,200, 3,000, halafu 8,000 na 14,000 kwa mng'ao. Mikwaruzo ya 220 ikibaki ukakimbilia 1,200, utairudia kazi yote. Osha jiwe, mikono na beseni kila unapobadilisha namba, punje moja ya zamani inatosha kukuharibia siku.

Kwa hatua za mwisho una bahati ambayo wengine hawana. Fundi wa mawe huchonga vijiti vya mti mgumu, anavipaka almasi ya unga iliyochanganywa na mafuta, na kusugulia kwenye mikunjo ambayo sahani haifiki. Mabaki yako ya mpingo ni vijiti bora kabisa vya kazi hiyo, kwa sababu havifumuki nyuzi. Andika namba kwenye kila kijiti, kijiti cha 3,000 kisiguse almasi ya 14,000 maisha yake yote.

Maji yawepo muda wote. Yanapoza jiwe lisipate ufa wa joto, yanaokoa almasi isilike, na zaidi ya yote yanakamata vumbi. Vumbi la mawe likishaingia kwenye mapafu halitoki, na wewe tayari una la mpingo. Usilisage kavu hata dakika moja "kujaribu tu". Vaa barakoa ya vumbi na miwani, na tope la beseni liondoe likiwa bado bichi, usilifagie limekauka. Halafu, kwa sisi watu wa pwani: diski na vichwa vikaushe na kuvipaka mafuta kila jioni, hewa ya bahari inakula chuma chake kabla jiwe halijakila.

Kabla hujakata, tafuta rubi zimelala vipi. Fuwele za rubi za Longido mara nyingi ni bapa, zenye pande sita. Ukikata sambamba na ubapa wake unapata ua jekundu la pembe sita, na mgeni atalitambua kwa mbali. Ukikata kwa kukatiza, fuwele hiyohiyo inabaki mstari mwekundu mwembamba. Ubapa wa kwanza ukatie pembeni, ambako hutapoteza kitu, ujifunze mpangilio wa ndani. Zoisaiti nayo ina upande mmoja ambao hupenda kupasuka, kwa hiyo kingo nyembamba, mikia, vidole na masikio yaliyochomoza havikai. Fikiria maumbo yaliyojikunja: kobe, kiboko aliyelala, bundi, yai, bakuli dogo la kuta nene. Vinyago vya mtindo wa shetani vya Kimakonde, vyenye viungo vilivyopindana, viache kwenye mpingo. Rubi ikianza kucheza kwenye tundu lake, simama, tia gundi nyepesi sana iingie kwenye nyufa, iache ikauke siku nzima. Ila ukitia gundi mwambie mnunuzi. Jiwe lililogundishwa si aibu; kulinyamazia ndiyo aibu.

Vipande vinavyobaki usivitupe. Vya mviringo, juu vimebinuka chini ni bapa, ambavyo mafundi huita kaboshoni, vinafaa kwa vidani, hereni na vishikizo. Kwa pete na bangili sina hamu navyo, kwa sababu mkono hugonga kila kitu na kijani kitapata makovu wakati rubi bado mpya. Lakini ninachotamani kukuona unafanya ni kupachika vibapa vyembamba vya jiwe hili kwenye visanduku na vifuniko vya mpingo. Weusi wa mpingo na weusi wa honblendi vinasalimiana, halafu kijani na nyekundu vinajitokeza. Mti hupanuka na kusinyaa kwa unyevu na jiwe halifanyi hivyo, basi acha upenyo mwembamba kama unene wa kadi kuzunguka kibapa, na utumie gundi yenye ulaini kidogo. Kumbuka pia uzito: kwa ukubwa uleule, jiwe hili ni karibu mara tatu ya mpingo, na mgeni anayesafiri kwa ndege anahesabu kilo. Kobe wa kutosha kiganjani atauzika kabla ya tembo wa nusu mita.

Mnunuzi mwelekeze aoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, afute kwa kitambaa. Mashine za kusafishia vito kwa mtetemo au mvuke asizikaribie.

Na watakuja wanaokuuliza jiwe hili linatibu nini. Wauzaji wa ng'ambo huandika kwamba linafungua moyo, linaongeza nguvu za kiume, linaondoa huzuni. Hakuna kipimo cha kitabibu kilichoonyesha hayo. Hapa Tanga tuna sifa yetu ya uganga na sina haja ya kugombana na mtu, ila ningekuomba kwenye meza yako uuze kobe, dawa waachie wenye dawa.

Sheria sasa, na hapa usiende kwa mazoea. Jiwe hili ni madini ya vito. Sheria ya Madini, Sura ya 123, hairuhusu kuchimba wala kufanya biashara ya madini bila leseni. Anayekuuzia ghafi awe na leseni ya uchimbaji, au awe dila (mfanyabiashara wa madini) au broka (dalali) mwenye leseni yake, na akupe karatasi zinazoonyesha jiwe limetoka wapi na kwamba mrabaha, yaani fungu la serikali, umelipwa. Kwa vito ghafi ni asilimia 6 ya thamani, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Tangu mwaka 2019 kumefunguliwa masoko ya madini mikoani ili biashara hiyo ifanyike mahali panapojulikana. Kabla hujatoa shilingi, nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako, peleka picha za jiwe na jina la muuzaji, uulize na kibali gani wewe mchongaji unapaswa kuwa nacho. Ukiuza, mpe mgeni risiti inayosema wazi ni kinyago cha rubi-zoisaiti, uzito wake, na kwamba kimechongwa Bagamoyo. Akisimamishwa uwanja wa ndege na kinyago kisicho na karatasi, hatakusahau, na si kwa wema.

Ukitaka jibu la maabara badala ya ndoo yako, kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha, ambacho pia hufundisha ukataji wa vito. Kijana mwenye mkono uliozoea mpingo angefaidika sana huko.

Kwa huyo jamaa, mwambie hivi: utalipima kwanza kwa ndoo mbele yake, bei ni ya kilo, na karatasi zitangulie pesa. Akikubali, kata ule ubapa wa pembeni, uloweshe maji, uupige picha juani pande zote mbili na sarafu ya shilingi mia pembeni nipate kuona ukubwa wa rubi. Nitumie kabla hujakata wa pili.